Mabati Haiwezi Kushika Jogoo

Ilianza siku ya Jumanne, saa nne asubuhi, na ilianza kwa harufu ya chokaa. Juma hili wamepaka chokaa kuta za bweni letu, na kila nikiamka nadhani niko nyumbani, tena si nyumba yetu ya sasa bali ile ya kwanza, iliyopakana na uwanja wa ndege pale Homa Bay. Mimi si mwepesi wa kuzungumza, wenzangu wa kidato cha tatu wanajua, kwa hiyo naandika.

Jumanne hiyo nilikuwa darasa la pili, nimebaki nyumbani kwa sababu ya surua. Wanaume watatu waliingia na vigingi, kamba na ndoo ya chokaa. Walivuta kamba kupita nyuma ya nyumba yetu, wakapigilia vigingi, wakavipaka vichwa vikawa vyeupe. Mama aliwapa uji, maana ndivyo alivyo. Waliunywa, wakashukuru, kisha wakasema uwanja utarefushwa ili ndege kubwa za Nairobi ziweze kutua, na kila kilicho upande huu wa kamba kitaondoka. Nyumba, jiko, kaburi la Baba na sisi wenyewe, sote tulikuwa upande huu wa kamba. Kaburi halitachimbwa, walisema. Litasawazishwa tu.

Uwanja wenyewe ulikuwa majani matupu. Ndege ikisikika, watoto tulikimbia kufukuza mbuzi. Ikisharuka, mbuzi walirudi. Mimi niliipenda sana, na joto la injini lenye harufu ya petroli, na vumbi lililotuingia mpaka kwenye meno. Kwa hiyo habari za ndege kubwa sikuziona mbaya.

Majirani walizozana na serikali msimu mzima wa mtama. Wengine waling'oa vigingi usiku, asubuhi vikarudishwa. Mwishowe kila mji, yaani boma la familia moja, ulipewa kiwanja upande wa kwenda Ndhiwa, pamoja na mabati, na mmoja baada ya mwingine wakahama. Tukabaki sisi.

Kwetu Wajaluo mtu hahami hivi hivi, kama anayehamisha kuku. Mji mpya hufunguliwa na mwanamume mwenye mji. Yeye hutangulia na jogoo, mwanawe wa kwanza wa kiume hufuata na shoka, na mke huja nyuma na moto. Usiku huo hulala pale pale, mume na mke. Baba alikuwa amekufa kabla sijaanza shule. Mjane wa namna hiyo hufunguliwa mji na ndugu ya marehemu anayemrithi, na ndugu alikuwepo, Baba Mdogo Okelo. Mama alikuwa amemkataa. Kila aliyemuuliza sababu alimjibu hivi: "Mimi nilishaolewa. Nilimaliza."

Alikwenda kwa mchungaji, naye akasema sala inatosha. Sala tuliomba, tena ndefu. Lakini hakupatikana fundi wa kuchimba hata shimo la nguzo ya kwanza. Waliogopa chira, ule ugonjwa wa kuvunja miiko, ambao watu husema huanza na watoto. Watoto wenyewe tulikuwa mimi na mdogo wangu Ouma, mwana pekee wa kiume.

Basi ukaitishwa mkutano. Alikuja bwana mmoja kutoka Nairobi, mtu wa kabila lingine, amefunga tai kwenye jua lile, akasema na Mama kwa Kiswahili.

"Mama, umebaki peke yako. Shida ni nini? Mabati ni machache?"

"Sijasema ni machache, bwana."

"Tutakuongezea. Sawa?"

"Asante. Lakini mabati haiwezi kushika jogoo."

Bwana yule alimgeukia chifu. Chifu, ambaye alijua kila kitu, alikuwa anaichunguza kofia yake.

"Jogoo pia anataka?" bwana akauliza. "Jamani, si mngesema! Mpeni na jogoo!"

Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Mwanamke mmoja akapaza sauti, "Nyar Kisegi, umepata bwana wa serikali!" Nyar Kisegi, binti wa kutoka Kisegi, ndivyo Mama alivyoitwa huku alikoolewa. Na mimi nilicheka. Mama hakucheka, wala hakukasirika. Alikaa akivuta vuta uzi wa leso yake.

Haki ya Mungu, jogoo aliletwa. Alikuja ndani ya Land Rover, amefungwa miguu, mwekundu, mwenye kiburi, na mabati ya nyongeza juu ya gari. Nyuma yake ilikuja habari kwamba trekta litafika mwisho wa mwezi.

Mama alimwita Baba Mdogo. Walizungumza wamesimama, mlangoni. Nilisikia neno moja tu la Mama: "Uje. Lakini utashika huyu wa serikali." Nilidhani anabana matumizi, asitoe jogoo wake mwenyewe.

Tulihama Ijumaa. Baba Mdogo mbele na jogoo mwekundu, Ouma na shoka lililomshinda, akiliburuta, Mama na moto kwenye kigae. Mafundi waliokataa wote walikuja, na kufikia jioni kibanda kilikuwa kimesimama. Mimi niliimba.

Mwaka jana, likizoni, niliyaona yale mabati ya nyongeza. Hayajapigiliwa popote. Yameegemea mti nyuma ya nyumba, yana kutu, na Mama hataki yaguswe. Hapo ndipo nilipofahamu jogoo wa serikali alikuwa wa nini, na ni nani hasa aliyemwoza Mama mara ya pili. Yule bwana nadhani bado anaamini alimpa alichotaka. Ndege zinatua juu ya Baba, mara chache, na mbuzi bado wanafukuzwa.

Lakini kesho yake baada ya kuhama nilikuwa mtoto. Jogoo aliwika, nikaamka kabla ya wote. Mama alikuwa ameshachemsha maji, ameyamimina ndani ya beseni la Baba, ambalo hatukuwa tumelitumia tangu afe. Aliniambia nilipeleke, na niache kusema Baba Mdogo. Nikalibeba kwa mikono miwili, nisimwage, nikasimama mlangoni, nikaita, "Baba, maji." Nyuma yangu Mama alikuwa anapuliza moto ambao tayari ulikuwa unawaka.