Mayai Sita Nyuma ya Kibanda

Kule Fizi, mashariki ya Kongo, alikozaliwa Théodore, kwale alikuwa mboga tu. Baba yake alimfundisha kumtega kwa tanzi, na vita vilipowatawanya, ujuzi huo ukabaki kichwani bila kazi. Sasa ni mlinzi Johannesburg. Kila asubuhi hushuka kutoka Berea kwa miguu hadi Bezuidenhout Valley, kulinda kiwanja kitupu chenye uzio.

Februari hii, nyuma ya kibanda chake, kwale aliruka kutoka miguuni pake. Chini palikuwa na kishimo chenye mayai sita. Théodore akafungua kamba ya kiatu asuke tanzi, kisha akasema, ngoja kesho. Kesho yake akasema vivyo hivyo.

Akaanza kumtazama. Jike aliatamia peke yake. Dume alipanda juu ya kifusi asubuhi na jioni, akapiga makelele, basi.

Siku ya kumi na nane akaja Mussa, mtu mmoja wa Tanga, na mashine ya kufyeka.

"Ndugu yangu, pale nyuma usipite."

"Kuna nyoka?"

"Kuna mama anaatamia."

Mussa akacheka. "Tajiri kasema nisiache hata unyasi."

"Akiuliza, nitaje mimi."

Mussa alifyeka kote, akaacha kichaka cha upana wa kitanda. Mashine ilinguruma hatua mbili tu kutoka kwenye kiota, na jike hakunyanyuka. Théodore alimkumbuka mama yake siku ile ya risasi, alivyowalalia watoto watatu sakafuni, kimya. Akageuka, Mussa asimwone machozi.

Siku nne baadaye vifaranga watano walianguliwa. Yai la sita lilikuwa viza. Kufika adhuhuri walikuwa tayari wanatembea. Théodore aliposogea, jike alijirusha mbele yake akiburuta bawa kama limevunjika. Hila hiyo aliijua tangu utotoni: ukitaka makinda, usimfuate mama, angalia chini ulipo. Hakuangalia chini. Alimfuata jike polepole hadi kwenye uzio, kama mtu aliyedanganyika, naye akaruka.

Jumatatu tajiri alikuja, akauliza kile kichaka ni cha nini.

"Nilikataa mimi, mzee. Kulikuwa na kwale."

Tajiri akainama, akaokota ganda, akaligeuza kiganjani. "Wamekwenda?"

"Jana walipita chini ya uzio, wote watano."

"Haya. Mwambie Mussa amalizie."