Mto wa Chaki

Ukivuka lango la shule, undugu unabaki nje. Hiyo ndiyo kanuni aliyojiwekea yule mwalimu wa chekechea siku ya kwanza aliposhika chaki, na kwa miaka ishirini na sita hakuivunja hata mara moja. Binti yake wa kumzaa alipita darasani mwake akamwita Mwalimu kama wenzake, na siku aliyojisahau akaita "Mama" alirudishwa mwisho wa mstari. Watu walimsifu. Katika mtaa ambao kila mwenye cheo huwakalisha wa kwake kwanza, mwanamke asiye na upendeleo alikuwa habari ya kusimuliwa.

Watoto walimwita Mwalimu Ruka, maana kwake hakuna aliyejifunza kusoma akiwa amekaa. Silabi alizifundisha, hakuzidharau. Lakini aliamini yapo maneno madogo ambayo mtoto hana haja ya kuyavunjavunja kila anapokutana nayo: na, kwa, yule, sasa, bado, tena, lakini. Maneno hayo yamejaa katika kila ukurasa kama kokoto njiani, na anayejikwaa kwenye kila kokoto hafiki aendako. Mtoto ayajue kwa kuyaona tu, alisema, kama anavyomtambua mama yake kwa mbali kabla hata hajamwona uso. Aliyaita maneno ya jicho.

Upande wa pili wa ukuta alifundisha mwenzake wa darasa la pili, mwanamke mnene mwenye maneno ya kuchekesha, ambaye watoto wake waliimba ba-be-bi-bo-bu wakiwa wamekunja mikono kifuani.

"Mwenzangu, wako wanasoma kwa miguu," alimtania kila vumbi lilipomfikia kupitia dirishani.

"Miguu ikiwa macho, kichwa hakilali."

"Na ukuta wangu je? Juzi picha ya tembo imeanguka kwa vishindo vyenu."

"Andika neno tembo hapo ilipoangukia. Nitakuletea wangu waje walirukie."

Mchezo mkubwa wa darasa lile ulikuwa Mto. Kila asubuhi, kabla watoto hawajafika, Mwalimu Ruka alipiga magoti kwenye sakafu ya saruji akachora kingo mbili za mto kwa chaki, na katikati yake mawe: ishirini mwanzoni mwa mwaka, arobaini mwishoni. Ndani ya kila jiwe aliandika neno. Mtoto husimama ukingoni, husoma kwa sauti jiwe lililo mbele yake, kisha huliruka. Akikosea, amelowa. Anarudi ukingoni, anajikung'uta maji yasiyokuwepo, wenzake wanamcheka kidogo, na zamu inapita kwa mwingine. Akivuka mkavu, anatungiwa kizibo kimoja cha chupa kwenye uzi wake. Nyuzi zilining'inia ukutani, kila mmoja chini ya picha ambayo mwenye uzi alijichora mwenyewe, kichwa kikubwa na miguu kama njiti.

Mwisho wa mwaka, mwenye uzi mrefu kuliko wote ndiye aliyekuwa mpiga filimbi Siku ya Wazazi. Alisimama juu ya kiti cha Mwalimu, akapuliza, akaita maneno, na darasa zima likaruka alikosema. Ukiwa na miaka sita, hakuna cheo kinachokizidi hicho.

Binti yake alipokuwa mtu mzima alisomea uuguzi, akapata kazi katika hospitali ya mji wa mbali, safari ya basi ya kutwa nzima. Zamu zake hazikuwa na mpangilio, na mume alishajiendea zake. Basi akamleta mtoto wake wa miaka mitatu kwa mama yake. "Kwa muda tu, Mama," alisema. Muda ule ulikuwa miaka mitatu.

Mtoto alikuwa wa kike, na jina la nyumbani alilipewa na majirani: Chiriku. Alianza kusema kabla hajafumbua macho vizuri, na alinyamaza usingizi ulipomkata katikati ya sentensi. Nyumba ile ilikuwa kimya tangu Mwalimu afiwe na mumewe. Sasa kulikuwa na Bibi hili, Bibi lile, Bibi kwa nini kuku hana meno. Walilala kitanda kimoja, na Chiriku alikuwa na tabia ya kumwekea bibi yake mguu ubavuni kama mtu anayezuia mlango usifungwe. Mwalimu alilalamika kwa mwenzake kwamba mbavu zinamuuma. Alilalamika huku anatabasamu.

Alipofika umri wa chekechea, walikwenda shule pamoja kila asubuhi wameshikana mikono. Wakifika langoni, mkono uliachwa.

"Bibi, sasa mkono wangu unabaki wapi?"

"Nje, pamoja na undugu."

"Utakuja kuuchukua?"

"Saa sita nitauchukua."

Chiriku alicheka, akaingia akisema, "Hujambo, Mwalimu?" kana kwamba ndiyo kwanza wanaonana. Kwake ulikuwa mchezo mwingine. Kwa bibi yake haukuwa mchezo. Ndani ya lango mjukuu alipewa zamu ya mwisho, kila siku, ili pasiwe na wa kusema. Mtoto mwingine akianguka na kuchubuka goti, Mwalimu Ruka aliinama akalipuliza. Chiriku alipoanguka, aliambiwa, "Simama, jipanguse." Akasimama, akajipangusa. Mwalimu akageukia ubao na kiganja kinamwasha kwa hamu ya kulishika goti lile, akahesabu saa zilizobaki hadi saa sita. Hakuna aliyejua alivyomtamani mtoto aliyekuwa hatua nne kutoka alipo.

Chiriku alikuwa hodari. Zamu ya mwisho ilimfaa, maana alipofika ukingoni alikuwa ameshamsikia kila mtu akikosea. Alivuka kama ndege anavyopita juu ya matawi: lakini, bado, tena, yule. Wiki ya kuhesabu vizibo ilipofika, Mwalimu alibaki peke yake darasani akahesabu. Chiriku alikuwa na sitini na kimoja. Aliyemfuata, binti wa fundi cherehani, alikuwa na hamsini na vinane. Akahesabu tena. Akahesabu mara ya tatu, safari hii polepole, kama mtu anayetafuta kosa na kuomba alipate.

Sababu ya kutafuta kosa ni maneno ya dukani. Jana yake mama mmoja aliyekuwa akinunua sabuni alimcheka: "Mwaka huu mpiga filimbi tunamjua sisi! Kwa Bibi hakukosekani kitu." Ulikuwa utani, na kila aliyekuwepo alicheka kama anavyocheka mtu utani. Lakini Mwalimu alirudi nao nyumbani umemkaa kooni kama mwiba wa samaki. Miaka ishirini na sita, na jina lije kuchafuka kwa kipande cha bati!

Kesho yake akasimama mbele ya darasa akamtaja binti wa fundi cherehani.

Watoto wana macho. "Mwalimu, uzi wa Chiriku mrefu!" alisema mmoja. "Tuupime, Mwalimu! Tuupime!" wakasema wengine. Hata binti wa fundi mwenyewe alimtazama Chiriku, si Mwalimu.

"Nimeshasema," Mwalimu akajibu.

Jioni ile, wakichambua mchele kwenye ungo, Chiriku aliuliza bila kuinua uso.

"Bibi, nililowa wapi?"

"Hukulowa."

"Nilimsukuma mtu?"

"Hapana."

"Niliongea sana?"

"Unaongea sana, lakini si hilo."

"Basi kwa nini?"

Angeweza kudanganya. Hakuwa mtu wa kudanganya, na hilo tulihesabu upande wake. "Kwa sababu wewe ni mjukuu wangu. Ningekupa wewe, watu wangesema nimekupendelea."

Mtoto alichagua vijiwe viwili, akavitupa nje. "Kumbe," alisema. Kwa Chiriku, neno moja lilikuwa kimya kikubwa. Usiku ule alilala akiutazama ukuta, na miguu yake aliikunja mwenyewe.

Siku mbili kabla ya Siku ya Wazazi, muuguzi alishuka kwenye basi na habari njema. Amepewa zamu za mchana, amepata vyumba viwili karibu na hospitali, na shule haiko mbali.

"Lakini sitaki kumng'oa kwa nguvu, Mama," alisema. "Hapa ndipo alipokulia. Akitaka kubaki na wewe, abaki, nami nitakuwa nakuja. Nitamuuliza mwenyewe."

Mwalimu aliitikia kwa utulivu, akaingia chumbani, akafungua sanduku. Ndani mlikuwa na sare ya darasa la kwanza aliyokwisha kuishona, ina pindo refu ili mtoto akikua lifumuliwe. Akaikunja upya. Moyoni hakuwa na wasiwasi. Nani huondoka palipo na mbavu za kuwekea mguu?

Siku ya Wazazi ilikwenda vizuri. Binti wa fundi alipanda kitini, akapuliza, akaita maneno kwa sauti ya kutetemeka. Chiriku aliruka mawe arobaini bila kulowa hata mara moja, na alipofika ng'ambo wazazi walipiga makofi kabla ya kuambiwa. Mama yule yule wa sabuni alimgeukia jirani yake, akasema kwa sauti ambayo Mwalimu aliisikia vizuri: "Sasa huyu si ndiye angepiga filimbi? Mbona kanyimwa?"

Walipofika nyumbani, muuguzi alimkalisha mwanawe barazani. Mwalimu alikuwa jikoni, mlango wazi, sufuria mkononi.

"Mama angu, unataka twende wote kwangu, au ubaki na Bibi? Sema unalotaka, hakuna atakayekasirika."

"Huko kuna shule?"

"Ipo."

"Mwalimu wake nani?"

"Simjui bado. Mwalimu tu."

"Si ndugu yetu?"

"Si ndugu yetu."

"Basi twende," Chiriku akasema. Kisha akageukia jikoni, kwa upole, kama mkubwa anayemweleza mdogo: "Bibi, utabaki bibi yangu. Ila huko hawatajua."

Muuguzi alimgeukia mama yake. "Mama," alisema, "mimi nilipita darasani mwako. Namwelewa."

Hapo palikuwa na nafasi. Ilikuwa ya neno moja tu, na mwanamke aliyekuwa amewafundisha watoto mia kadhaa kusoma maneno mafupi alishindwa kulitamka. Nilikosea. Mtoto wa miaka sita angelisikia, angeuliza maswali ishirini, na huenda kufikia usiku angekuwa ameamua vingine. Lakini kumwambia mtoto nilikosea ni kuiambia miaka ishirini na sita hivyo hivyo. Mwalimu akaiweka sufuria chini. "Sawa," akasema, "nitamfungia nguo." Akamfungia, na sare yenye pindo refu akaiacha ndani ya sanduku.

Imepita miaka miwili. Mwalimu Ruka bado anachora mto kila asubuhi, na watoto bado wanalowa na kujikung'uta. Hulala upande wake wa kitanda tu, ingawa kitanda chote ni chake. Huamka akisikiliza, halafu hukumbuka kwamba hakuna wa kusikilizwa. Mara nyingine jioni hupika na kugundua amepika chakula cha watu wawili, kisha hula cha wa pili kesho yake mchana, baridi, amesimama.

"Mfuate, mwenzangu," yule mwalimu wa upande wa pili wa ukuta alimwambia, safari hii bila utani. "Mtoto hapewi barua, anafuatwa."

Akaenda, likizo iliyopita. Chiriku alikuwa amerefuka. Alimwamkia kwa adabu, akapokea mfuko wake, akamvutia kiti kizuri chenye mto, akamuuliza kama safari ilikuwa njema. Kisha akaomba ruhusa akaenda kucheza. Siku zote tatu hakuna kosa hata moja ambalo bibi angeweza kumshika nalo. Mgeni gani hulalamika kwa kukaribishwa vizuri?

Baada ya hapo alijikaza. Jumapili moja, kwenye simu, alisema: "Mwaka ule, filimbi ilikuwa yako. Ulishinda. Nilikudhulumu."

"Najua, Bibi," mtoto akajibu. Hakujibu kwa hasira. Alijibu kama mtu anayeulizwa jibu la hesabu aliyoimaliza zamani. "Mama ananiita. Baadaye."

Upendeleo ni uchafu, na waliomsifu Mwalimu kwa kuuchukia hawakukosea. Lakini anayemnyima mtu haki yake kwa sababu ni wake ametumia mizani ile ile ya mpendeleaji, ameigeuza tu. Wote wawili wametazama undugu na kuacha kutazama uzi ukutani. Uzi ulisema sitini na kimoja. Aliyeshinda apewe, awe mtoto wa adui au mjukuu wa kulala naye, na wanaotaka kusema waachwe waseme. Mwalimu aliogopa mdomo wa dukani kuliko alivyoogopa kumdhulumu mtoto, kisha woga ule akauita kanuni.

Jina lake bado ni safi mtaani. Hakuna aliyewahi kusema alimpendelea mtu. Alililipia kwa mjukuu wake mmoja, ambaye yu hai na mzima, anampigia simu kila Jumapili, na hana la kumwambia.