Kikopo cha Vifungo

Mume wangu mtaa mzima unamwita Kiguu na Njia, ingawa kazi yake ni ya kukaa: ni fundi cherehani. Mshono mmoja atainuka mara tatu. Basi mtu huyo ndiye aliyeota uvimbe, madaktari wakamtoa figo zote mbili pamoja na vitezi vilivyokaa juu ya figo hizo. Sasa mara tatu kwa wiki hufungwa kwenye mashine ya kusafisha damu kwa muda wa saa nne, mkono hauruhusiwi kutikisika. Muuguzi amechoka kumwambia, "Baba, tulia."

Lakini mashine inafanya kazi ya figo tu. Kazi ya vile vitezi inafanywa na vidonge vyeupe, asubuhi na mchana. Daktari aliniambia mimi, si yeye: "Akivikosa hivi, mama, tutampoteza upesi." Tangu siku hiyo roho yangu haijakaa. Na yeye vidonge anavitia kwenye kikopo cha vifungo, eti boksi la hospitali linamzeesha.

Asubuhi moja aliamka anatapika, miguu haimbebi.

"Umemeza dawa?"

"Tangu jana mchana sikioni kikopo. Nikasema kitatokea."

Kitatokea! Nilitamani kumzaba kofi, mgonjwa au si mgonjwa. Nilipindua godoro, nikamwaga droo. Nilimpigia muuguzi, akasema mgonjwa aletwe mara moja, na kama dawa ipo nyumbani asisubiri kufika. Dereva teksi akasema yuko njiani. Nilizunguka chumba kama kuku anayetaka kutaga.

Ndipo nikakumbuka. Mume wangu hakabidhi koti kabla ya kuujaribu mfuko wa ndani. Hutia kikopo kile, akalitikisa koti aone kama kitambaa kinavuta, yaani kinapinda kwa uzito. "Mfuko usiobeba kitu utaujuaje?" husema. Na jana alikabidhi koti moja tu, la mwalimu jirani yetu anayestaafu.

Nilikimbia na ndala moja. Mwalimu nilimkuta mlangoni, koti mwilini, tai shingoni. Sikusalimia, nilimtia mkono kifuani.

"Mama! Kulikoni?"

Kikopo kikatoka.

"Mimi nikadhani fundi kaniwekea vifungo vya akiba," akasema.

Mume wangu alimeza vidonge ndani ya teksi, na hospitali wakamchoma sindano. Jioni alifumbua macho. Neno la kwanza: "Ule mfuko ulikuwa unavuta?" Nililia, nikamtukana, nikalia tena.

Siku aliporuhusiwa kurudi nyumbani nilikaa kwenye cherehani yake nikamshonea mfuko ndani ya shati. Mimi si fundi. Ulikwenda upogo, uzi ukajikunja. Huyu ni mtu anayefumua mshono wa yeyote ukipinda hata kidogo. Aliugeuza, akautazama, akatia kikopo, akalitikisa shati.

"Unavuta," akasema.

Nikamsogezea wembe wa kufumulia. Akaurudisha kwenye droo, akalivaa shati, akakaa.