Bastola Niliyoing'arisha Njiani Kwenda Kabambare

Baba yangu, alipokuwa karibu kufa, aliniomba jambo moja tu. Darini, ndani ya kitambaa, kulikuwa na bastola ya zamani ya jeshi. Ilikuwa ya rafiki yake wa jeshini, Amisi, mtu wa Kabambare, aliyeichukua siku mzungu wake, mkubwa wa kikosi, alipouawa katika vita ya Tabora. Amisi mwenyewe alikufa kwa kuhara wakati wa kurudi, na kwao hawakuambiwa kitu. "Mupelekee dada yake, Feza," baba alisema. "Alama ya Amisi iko juu yake. Ataijua." Yeye hakuthubutu kwenda miaka yote ile, kwa kuogopa gereza la Wabelgiji. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya misheni, najua kusoma na kuandika, nikajiona ndiye hasa wa kazi hiyo.

Mjini Kasongo, siku mbili kabla ya safari, nilimwonyesha fundi Ramazani, mzee anayetengeneza saa na bunduki za wawindaji. Alivaa miwani, akaigeuza polepole.

"Hii taji ndogo wanagonga Ulaya, wakisha kuijaribu na baruti," alisema. "Nambari ni ya jeshi. Na hii mistari ya ubavuni?"

"Mikwaruzo tu, fundi. Baba hakuwa mtunzaji."

"Haya, Mwalimu. Wewe ndiye umesoma. Paka mafuta ya mawese, basi, usiongeze kitu."

Nambari ya jeshi ndiyo alama yenyewe, nikasema moyoni; alama gani nyingine itakuwa juu ya chuma? Nikainakili kwenye daftari kwa mwandiko wangu mzuri, nikaificha bastola ndani ya gunia la mchele, nikalifunga nyuma ya baiskeli.

Siku ya tatu nilifika Wamaza, miguu imevimba. Polisi mmoja alikuwa amenisimamisha barabarani, akasoma ruhusa yangu ya kusafiri huku ameishika juu chini, akaniacha nipite. Nilimcheka kimoyomoyo kilomita nzima. Mwenyeji wangu wa Wamaza alinipa ndimu za njiani, na ndimu hizo ndizo zilizoniponza.

Asubuhi yake, kwenye kijito baada ya Wamaza, nilifungua kitambaa nikaona aibu. Utampelekea mama wa watu kitu chenye kutu hivi? Nikachukua mchanga, ndimu, na jiwe la kunolea panga, nikasugua mpaka jua likawa juu. Taji na nambari vilikuwa vimegongwa kwa kina, vikabaki. Ile mistari ya ubavuni niliisugua zaidi, maana iliharibu sura. Bastola ikang'aa kama sahani ya harusi, nami nikafurahi sana.

Kabambare nilifika kesho yake mchana. Mama Feza alikuwa anaanika muhogo. Alinikaribisha, akaniletea maji, akasikiliza maneno ya baba mpaka mwisho. Kisha akaipokea bastola, akaigeuza huku na huku. Nikamsomea nambari kwa sauti ya darasani.

"Hiyo ni ya wazungu," alisema. "Kaka yangu alitia alama yake kila kitu, hata kijiko. Iko wapi?"

Alinipeleka nyuma ya nyumba, kwenye mzinga wa nyuki wa Amisi, gogo jeusi kwa uzee. Huku kwao kila mtu huchonga alama yake juu ya mizinga yake. Pale palikuwa na mistari mitatu ya mshazari na tundu chini yake.

"Mama, niliiona. Ilikuwa hapa ubavuni. Nimeifuta mimi mwenyewe jana, nikidhani ni uchafu."

"Unaisema sasa kwa sababu nimekuonyesha, baba. Mutu mumoja alikuja zamani na kofia, akasema ni ya Amisi. Tukakaa matanga, tukachinja mbuzi. Kisha mwenye kofia akaja kuichukua, mutu mwingine, muzima wa afya."

"Mimi siongopi, mama."

"Pengine. Uso wako si wa muongo. Lakini siwezi kumulilia kaka yangu mara ya pili juu ya chuma kitupu."

Alinipa ugali na asali ya mzinga ule ule. Nilipoaga, aliifunga bastola vizuri ndani ya kitambaa cha baba, akanirudishia.

"Rudi nayo. Siku utapata mwenye nambari, umupe yeye."

Njiani kurudi, pale kijitoni, jiwe langu lilikuwa bado juu ya mchanga. Nililitupa majini, kana kwamba jiwe ndilo lenye kosa. Kasongo, fundi Ramazani aliiangalia bastola mara moja tu, akavua miwani. Hakunitania, na ningependa angenitania.

Nilisoma miaka mingi nijue herufi, na alama moja iliyoandikwa kwa mkono wa mtu niliiita mikwaruzo. Mvua zilizofuata nilisikia Mama Feza amefariki. Mpaka siku ile, walisema, alikuwa akimwekea kaka yake sehemu yake ya asali.