Mkanda wa Kompresa na Mzee wa Nyuma ya Ukuta

"Mzee anasema ulimtazama," mama mkwe aliniambia. Alikuwa amesimama mlangoni mwa kibanda na ungo wa maharage mkononi. "Anasema utafute kuku."

Nilikuwa nimekaa chini, kidole kimoja nimekitumbukiza kwenye kikombe cha maji ya chumvi. Kucha haikuwepo. Kitenge changu kilikuwa kimejisokota kwenye puli ya kompresa mpaka kikawa kama kamba ya kufungia ng'ombe, na nilikuwa bado sijapata nguvu ya kukikata.

"Kuku wa nini?"

"Wa kuomba radhi. Si ulimtazama?"

Nilichukua spana iliyokuwa karibu nikaibamiza kwenye mabati ya kibanda. Nadhani walinisikia mpaka barabarani.

"Mwambie na yeye alinitazama!"

"Gwe wewe, punguza sauti. Yuko hapo nyuma ya ukuta."

"Najua yuko hapo! Miaka minne najua yuko hapo!"

Basi nieleze, maana msomaji wa mbali atadhani mimi ni mtovu wa adabu.

Mimi ni mtoto wa Bondeni, Kyela mjini, nikaolewa Ikolo. Ni Mnyakyusa kwa baba na kwa mama, lakini kwetu mjini mila ya mkwe ilibaki kwenye hadithi za bibi. Ikolo niliikuta iko hai na ina afya kuliko mimi. Mke wa mtoto hakutani na baba mkwe. Hamtazami, hamsemeshi, hapiti njia anayopita. Akitokea ghafla, mwanamke anavuta kitenge kichwani na kuingia kwenye migomba. Kanisani yeye anakaa upande wa madirisha, mimi upande wa mlango, na siku ya meza ya Bwana nasubiri mpaka amalize yeye ndipo niende. Mchungaji anajua. Ananingoja.

Miaka minne sikulalamika. Heshima ni heshima. Nilimjua baba mkwe kwa kikohozi chake na kwa harufu ya sabuni anayonyolea ndevu, na nilipeleka chakula chake kwa mkono wa mama mkwe. Sura yake sikuijua. Kwenye picha ya harusi yetu hayupo, alikaa nje ya uzio.

Shida ililetwa na kompresa.

Mume wangu yuko Mbeya kwenye kazi za ujenzi. Kabla hajaondoka alinifungulia kibanda mbele ya nyumba nijaze upepo matairi. Baiskeli zinazotoka Ngonga na magunia ya mpunga, bodaboda, toroli za ndizi, zote zinapita hapo. Ile mashine ndiyo inamlisha binti yangu. Nikipoteza mikono, hakuna mwingine wa kuiendesha. Hilo nilikuwa nalijua kabla ya haya yote.

Mwezi wa mvua mkanda wa kompresa ukaanza kuchoka. Kwanza ulikuwa unalia kama nguruwe anayefungwa miguu kila mashine ikiwaka. Kisha ukawa unateleza, puli ndogo ya mota inazunguka na gurudumu la pampu linajivuta tu, na kibanda kizima kinanuka mpira unaoungua. Tairi moja la pikipiki lilinichukua muda wa kupika ugali. Mwenye pikipiki akaniuliza, "Dada, unapuliza kwa mdomo?" Wenzake wakacheka. Nikazima, nikautazama mkanda: nyufa kila mahali, na upande mmoja nyuzi zimetoka nje.

Nikaenda mjini nikanunua mwingine wa saizi ile ile. Fundi wa mjini akasema atakuja Jumatatu. Jumatatu ikapita. Akasema Alhamisi, nayo ikapita, na simu akaacha kupokea. Mume wangu akaniambia kwenye simu, "Si baba yupo? Amefunga mikanda ya mashine za kukoboa mpunga maisha yake yote."

"Baba yako anifundishe vipi, kwa ndoto?"

"Mama atasema katikati."

Hivyo ndivyo tulivyofanya. Mzee akaketi jikoni, nyuma ya ukuta wa matofali, hatua sita kutoka kwangu. Mimi kibandani. Mama mkwe akasimama kwenye kona, huku anachambua maharage.

"Anasema uchomoe umeme kwanza." Soketi iko jikoni, upande wake. Nikasema achomoe yeye. Akachomoa. "Anasema utoe upepo wote kwenye tangi." Nikatoa. "Anasema ufungue kava ya waya inayofunika mkanda." Nikafungua. "Anasema ulegeze boliti nne za mota, usizitoe. Uisogeze mota karibu na pampu, mkanda utatoka wenyewe."

Nilikuwa namsikia mzee kwa masikio yangu! Ana sauti nene kama ya mwinjilisti. Anasema, nasikia kila neno, lakini siruhusiwi kuanza mpaka mama mkwe arudie. Na mama mkwe harudii haraka. Kwanza anamaliza punje alizoshika. Nikiuliza swali, mzee naye ananisikia vizuri, ila anangoja apelekewe. Asubuhi nzima iliisha hivyo, kama watu wanaopigiana simu kupitia serikali.

Kazi yenyewe haikuwa ngumu, hilo ndilo linaloniudhi. Mkanda wa zamani ulitoka. Mpya nikauvika kwenye puli ndogo, kisha nikauingiza kwenye gurudumu kubwa huku nalizungusha kwa mkono. Nikarudisha mota nyuma mpaka mkanda ukakaza, nikafunga boliti. Bila fundi. Nilijisikia mtu.

Mzee akataka aone. Kuona maana yake mimi niondoke. Nikaingia ndani, mama mkwe akamwita, akaja kukagua, akarudi kwake. Akaagiza puli haziko kwenye mstari mmoja. Nikatoka nikasogeza mota kidogo. Nikaingia ndani, akaja, akarudi. Akaagiza bado unywele mmoja. Nikatoka. Mara nne! Kitenge nakipandisha kichwani, nakishusha, nakipandisha. Mwishoni nikakiacha kichwani kinaning'inia, nimechoka.

Mara ya tano nikiwa ndani nilisikia mashine inanguruma. Kumbe amechomeka umeme aijaribu. Ikanguruma bila kulia, ikajaza tangi, ikanyamaza. Nikasema moyoni, ndaga, asante Mungu, imepona. Nikamsikia mzee anarudi jikoni. Nikajua amechomoa. Fundi gani asiyechomoa na kava iko wazi?

Hakuchomoa. Aliiacha makusudi. Kompresa hii presha ikishuka inajiwasha yenyewe, naye alitaka asikilize mkanda kama utateleza ikianza. Akamwambia mama mkwe, "Mwambie asiiguse." Sauti hiyo sikuisikia, niko chumbani namfunika mtoto aliyelala. Na mama mkwe? Matone ya mvua yalikuwa yameanza, kakao iko kwenye mikeka uani, amekimbia kuianua.

Nikatoka. Mashine kimya. Nikainama nibonyeze mkanda kwa kidole gumba, kupima kama umekaza. Bomba langu linavuja siku zote. Presha ikashuka.

Sikumbuki mlio. Nakumbuka kitu kimenivuta kichwa. Ncha ya kitenge ilikuwa imeingia kati ya mkanda na puli, inaninyonya, na mkono wangu nilioutupa kujizuia ukagusa gurudumu. Kitenge kikachanika. Kingekuwa kipya, kigumu, nisingekuwa naandika. Kisha kila kitu kikasimama, maana jikoni mtu alikuwa amevuta waya.

Na mtu huyo akatokea kwenye kona.

Ni mfupi kuliko sauti yake. Macho ya binti yangu, yale niliyokuwa najiuliza ameyatoa wapi, ni yake. Alinitazama kichwa kitupu, mkono unatoka damu, mdomo wake ukafunguka kama anataka kuniita. Akageuka, akakimbilia kwenye migomba, akaacha kandambili moja kwenye tope.

Nililia kwa sababu ya kidole, nakiri. Lakini pia nilidhani sasa imekwisha, tumeonana, hakuna aliyekufa. Saa moja baadaye ndipo nikaletewa habari ya kuku.

Nilipomaliza kubamiza mabati nikachukua karatasi. Kidato cha nne nilifundishwa kuandika barua rasmi, na sijawahi kupata mtu anayestahili. Mwenyekiti wa kikao cha ukoo ni kaka yake mzee, kwa hiyo naye ni baba mkwe wangu, naye siwezi kumkabidhi kitu. Kwa hiyo ilipita njia ile ile. Mama mkwe alisoma kwanza, polepole, akifuata mistari kwa kidole. Nikajua atachana. Akaniambia, "Lete kalamu. Na mimi nina langu."

Hii ndiyo iliyofika:

*Mwenyekiti,*
*Kikao cha Ukoo.*

*Kupitia kwa: Mama mkwe.*

*YAH: MALALAMIKO KUHUSU MILA YA KUJIFICHA KWENYE MASHINE ILIYO WAZI*

*Husika na kichwa cha habari hapo juu.*

*Mimi ni mke wa mtoto wenu aliyeko Mbeya. Nalalamika kwamba nimepoteza kucha na kitenge, na nusura nipoteze mkono, kwa sababu mtu aliyejua umeme haujachomolewa hakuruhusiwa kuniambia kwa mdomo wake. Simlaumu kwa nia. Alivuta waya, na kwa hilo namshukuru. Namlaumu kwa kukimbia.*

*Kuku sitoi. Kama kutazamana ni kosa, tulikosa wote wawili.*

*Siombi mila ifutwe. Njiani nitampisha, kanisani nitakaa mlangoni. Ninaomba kikao kitamke kwamba kava ikishafunguliwa, mkwe na mkwe wanasemezana mpaka kava irudi.*

*Mama mkwe anaongeza kwamba amekuwa mdomo wa watu wawili wenye midomo kwa miaka minne, na amechoka.*

*Mkanda umelegea tena tangu ajali na wateja wanarudi bila upepo. Naomba baba mkwe aje Jumamosi asubuhi tuukaze, nikiwepo. Kandambili yake nimeiosha. Iko kibandani.*

*Wenu mtiifu,*
*Mkwe.*