Ungelipa Tena?

Kinyozi hajinyoi, na mwanamke aliyeuzia watu mapumziko hakuwahi yeye mwenyewe kupumzika mahali palipohitaji begi. Meza yake ilikuwa ya kwanza ukiingia ofisi ya wakala wa safari, pale karibu na mlango ambapo wateja na vumbi la barabarani huingia pamoja. Ukutani nyuma yake zilining'inia picha tatu kubwa: ziwa, mlima na kisiwa. Jua la dirishani lilikuwa limezichoma mpaka ziwa likabaki na rangi ya maji ya kufulia. Wenzake walimwita Mama Ngoja, kwa kuwa hakuna mteja aliyeketi mbele yake akaondoka bila kuambiwa angoje: ngoja shule zifunguliwe, ngoja sikukuu zipite, ngoja bei ishuke. Bosi hakulipenda jina hilo wala tabia yenyewe. Alimvumilia tu, maana wateja walimwamini mama huyu kuliko walivyowaamini ndugu zao.

Walimwamini kwa sababu ya swali lake. Mtu akirudi safari, awe amekuja kudai begi lililopotea au kupita tu kusalimia, Mama Ngoja alimuuliza jambo moja: "Ungelipa tena?" Maneno ya jibu hayakumshughulisha sana. Alichosikiliza ni ule ukimya kabla ya jibu. Aliyejibu papo hapo, mahali pake pamefaulu. Aliyesita, akameza mate, akatazama dari, ndipo akasema "eeh, si pabaya," basi mahali hapo pameanguka, hata hoteli iwe na maua mpaka chooni.

"Aliyeridhika hatafuti maneno," aliwaambia wenzake, naye alisema kama mtu asomaye sheria.

Sasa shida ni kwamba karibu wote walisita. Wa ziwani alikumbuka mbu. Wa mlimani alikumbuka baridi na magoti yake. Wa kisiwani alikumbuka bei ya samaki, samaki yule yule anayeogelea bure mbele ya meza. Mama Ngoja aliyahifadhi yote kichwani, na kichwa hicho hakikuwa na tundu.

Nyumbani alikuwa na mteja mmoja asiyekwisha, naye ni mumewe. Kila mtu alimwita Fundi, hata mkewe. Alipuliza rangi magari kwenye gereji ya uchochoroni, pua na mdomo akiwa amevifunga kwa kitambaa cha shati kuukuu, na kitambaa hicho ndicho kilichokuwa bima yake. Ukitaka kujua ni gari la rangi gani limegongwa wiki hiyo, ulitazama kope za Fundi. Hakuwa mtu wa kutaka makubwa. Alitaka mara moja katika maisha yake aende mahali na mke wake, wakae siku chache, avute hewa isiyonuka rangi. Mahali gani, hakujali.

"Bibie, mwaka huu wapi?" aliuliza kila mwaka gereji ilipokaribia kufunga kwa mapumziko.

Hapo vyombo viliondolewa, meza ikapanguswa, na vipeperushi vikatolewa kwenye droo.

"Ziwani," alianza Fundi.

"Ziwani siku nzima inaishia njiani kwenda, nyingine inaishia njiani kurudi. Unalipia wiki, unakaa nusu. Hiyo ni thamani?"

"Haya, mlimani."

"Mlimani unalipia chumba, halafu unalipia na kuni. Yaani unanunua baridi, kisha unanunua cha kuifukuza."

"Kisiwani basi."

"Juzi nilimuuliza mmoja katoka huko. Alisita mpaka nikadhani kalala."

Fundi alicheka mpaka akaegemea ukuta. "Basi twende kwa dada yangu, tukae uani tuangalie kuku."

"Hapo sawa. Kuku hawatozi kiingilio."

Vipeperushi vilirudi kwenye droo, na mwaka ukapita. Ukaja mwingine, navyo vikatoka tena. Ni kweli walifurahi jioni zile, nani atawanyima? Lakini Fundi alikuwa akifurahi kama mtu anayenusa chakula cha jirani. Angeweza kugonga meza na kusema tunakwenda, potelea mbali. Hakugonga. Alimwamini mkewe kama wateja walivyomwamini, akangoja kama walivyongoja, na tofauti ni kwamba wao walingoja miezi. Wahenga walisema ngoja ngoja huumiza matumbo. Katika nyumba ile iliumiza mapafu.

Kikohozi kilianza kama vikohozi vyote, kwa kudharauliwa. Kilipomwangusha gerejini, daktari akatazama picha ya kifua na kuuliza mgonjwa anafanya kazi gani. Alipojibiwa hakuuliza tena. Sasa Fundi aliketi kwenye kochi sebuleni, pembeni yake imesimama mashine ya oksijeni yenye ukubwa wa jokofu dogo, ikipumua kwa sauti kubwa kuliko yeye. Mpira mwembamba ulitoka humo ukaingia puani mwake. Urefu wa mpira ndio uliokuwa ulimwengu wake: ulifika chooni, ulifika kitandani, haukufika mlango wa mbele.

"Na safari?" Mama Ngoja alimuuliza daktari siku ile. "Ya karibu tu, ya kupumzika."

"Mlimani hewa ni nyepesi, hataiweza. Kisiwani hakuna hospitali. Ziwani ni mbali, na njia yote hakuna umeme wa uhakika," alijibu daktari huku akiandika. Naye alikuwa amelinganisha, tena kwa pumzi moja.

Wifi yake alikuja kila Jumapili kumwona kaka yake, akileta mayai ya kuku wale wale. Alikuwa mwanamke mpole, na wapole wakisema huchoma. Jumapili moja, jikoni, aliweka mayai mezani akasema bila kupandisha sauti:

"Wifi, kaka yangu alikuomba hewa. Wewe ukampa hesabu."

Mama Ngoja aliyapanga mayai kwenye bakuli, moja moja, kana kwamba kazi hiyo ilihitaji akili. Alikasirika sana, na hasira ilimchoma zaidi kwa kuwa haikuwa na pa kwenda.

Kazini aliendelea, kwani mashine ilikula umeme na umeme haukulipiwa kwa majuto. Ndipo alipokuja Mzee wa Kofia, mteja wa siku nyingi, aliyekwenda kisiwani kila mwaka. Alikuja kulipia tena.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Niandikie kisiwani, kama kawaida."

Mama Ngoja alishika kalamu, akaiweka chini. "Mzee, nisamehe. Kila ukirudi nakuuliza kama ungelipa tena. Kila mara unasita. Mwaka jana ulisita mpaka nikaona haya kukuangalia. Sasa unarudi kufanya nini?"

Mzee alivua kofia yake, jambo ambalo halikuwa kawaida. "Kumbe ulikuwa unalitilia maanani lile swali? Mwanangu, mtu akirudi akasema palikuwa pazuri mno, majirani wanasema anajivuna. Ndiyo maana nanung'unika kidogo, bei, samaki, mbu. Ni adabu tu."

"Na kusita?"

"Nasita kwa sababu nakumbuka. Unaniuliza nimesimama hapa, viatu vimejaa tope la mtaa huu, na mimi kichwani niko kule, asubuhi, miguu majini. Utajibu haraka vipi?"

Alipoondoka, Mama Ngoja alikaa akiwatazama wateja wote waliopita kichwani mwake. Mwalimu aliyelalamikia mbu wa ziwani: alirudi na wanawe. Mama mshonaji aliyelaani mlima: alirudi na shoga yake, mwaka uliofuata akarudi peke yake. Waliosita ndio hao hao waliopanga foleni tena. Yeye alikuwa ameketi mbele yao, mwenyewe akipokea malipo yao ya mara ya pili na ya tatu, mwenyewe akigonga muhuri, na hata siku moja hakuunganisha. Alisikiliza ukimya wa watu akaupa maana yake mwenyewe, kisha akaipeleka maana hiyo nyumbani kwa mtu aliyemwamini. Alikwenda chooni akafungulia bomba ili wenzake wasisikie, akalia.

Mambo yakiamua kukucheka hayacheki mara moja. Wiki ile ile Bosi alimjia na bahasha, uso umechangamka. Hoteli ya ziwani, kwa shukrani ya wateja wote aliowapelekea, ilikuwa imempa chumba cha kutazama maji, cha watu wawili, chakula humo humo, bila kulipa chochote.

"Mama Ngoja, hii ni ya bure kabisa," alisema Bosi. "Sasa utangoja nini tena?"

Kisha akakumbuka habari za Fundi. Uchangamfu ukamtoka, akabaki na bahasha mkononi hajui aiweke wapi. Mama Ngoja alimpokonya ili amwondolee aibu.

Hakutaka kumwonyesha mumewe. Lakini walikuwa hawajawahi kufichana karatasi, na jioni, kabla taa hazijawashwa, aliiweka mapajani mwa Fundi pamoja na kipeperushi chenye picha ya hoteli na ziwa. Fundi aliisoma. Macho yake yalifunguka, mkewe aliona hilo, yalifunguka kama zamani mwezi wa mapumziko. Halafu yakashuka taratibu, yakaufuata mpira kutoka puani mpaka kwenye mashine, na kutoka kwenye mashine mpaka ukutani kwenye soketi.

"Ziwani?" alisema, akakunja uso. "Siku nzima inaishia njiani." Akavuta pumzi. "Nyingine inaishia njiani kurudi. Mbu nao." Akavuta tena. "Na bure ghali, bibie. Watakuuzia maji ya kunywa mpaka ujute. Hiyo ni thamani?"

Yalikuwa maneno ya Mama Ngoja mwenyewe. Yote, moja baada ya jingine, na hata namna ya kukunja uso ilikuwa yake. Miaka yote aliyodhani mtu huyu anacheka tu, kumbe alikuwa akikariri. Sasa alikuwa anamrudishia, kwa upole, kama unavyomfunika mtu shuka, ili asione kwamba amekosa kitu. Mama Ngoja alijisikia kama amepigwa.

"Acha," alisema. "Acha kunisaidia, Fundi."

"Nani anakusaidia? Nalinganisha."

"Nimesema acha! Ziwani ni pazuri. Wote wanarudi. Wote, unanisikia? Nilikudanganya, na mimi mwenyewe sikujua."

Fundi alikipapasa kipeperushi kwa kidole gumba, pale penye maji. Kidole hicho bado kilikuwa na rangi ya kijani kwenye mzizi wa ukucha, rangi ya gari la mwisho. Nje mtu aliita mtoto aingie ndani.

Mama Ngoja angeweza kuishia hapo. Angesimama, akawasha taa, akapasha chakula. Lakini mtu anayejikuna kidonda haachi kwa sababu kinauma. Alivuta kiti akakaa mbele ya mumewe kama wateja walivyokaa mbele yake.

"Na mimi?" aliuliza. "Kukaa na mimi miaka yote hii. Ungelipa tena?"

Fundi aliinua kichwa. Alilijua swali lile na sheria yake. Walikuwa wamewacheka watu wengi sana kwa sheria ile. Alifungua mdomo. Mashine ikasukuma hewa, ikatulia, ikasukuma tena. Macho yake yalikwenda kwenye picha ya ziwa, yakarudi usoni kwa mkewe.

"Ningelipa," alisema.

Mama Ngoja alitabasamu, akamshika goti, akasema ahsante. Alijiambia ni pumzi. Mtu wa mapafu yale hawezi kusema neno kabla ya kuvuta hewa, kila mtu anajua. Na kama si pumzi, basi ni kama alivyosema Mzee wa Kofia, alikuwa anakumbuka, na kukumbuka si kukataa. Hoja zote mbili zilikuwa nzuri. Angempa mteja yeyote hoja hizo na mteja angeondoka ameridhika.

Lakini sikio lake lilikuwa limefundishwa kazi moja tu maisha yake yote, nalo halikungoja hoja. Lilikuwa limeshausikia ule ukimya, limeshaupima. Kumuuliza mara ya pili asingeweza. Aliwasha taa, akakirudisha kipeperushi kwenye droo, akaenda jikoni kupasha chakula.