Mwisho wa Vichekesho vya Mama Bilonda

Hapa Manika, mtaa wa Kolwezi, simjui mtu anayependa vichekesho vya televisheni kumzidi Mama Bilonda, na kwa muda mrefu hakuona mwisho wa hata kimoja. Mimi ni jirani yake, tunatenganishwa na ukuta wa matofali tu, na haya amenisimulia mwenyewe.

Alikuja Kolwezi kutoka Sandoa baada ya mume wake, mzee Kanyinda, kufariki. Binti yake wa pekee, Shekina, ndiye aliyemchukua. Kisha Shekina, ambaye ni muuguzi, akahamishiwa kazi Kasaji, na nyumbani wakabaki wawili: Mama Bilonda na mkwe wake Ngeleka, fundi wa malori mgodini.

Wao ni watu wa Kasai, na katika familia yao mkwe na mama mkwe hawakai chumba kimoja, hawali pamoja, hawatazamani usoni. Si chuki. Ni heshima, na kadiri mnavyothaminiana ndivyo mnavyokimbiana. Msinicheke. Nimewaona wanaojiita watu wa kisasa wakimtukana mama mkwe mezani huku wanamega ugali wake, nikasema afadhali pazia.

Basi pazia lilikuwapo, kati ya saloni, yaani sebule, na vyumba, na televisheni ilikuwa saloni. Mchana kutwa Mama Bilonda alikaa nayo. Alikuwa na kichekesho cha Abidjan, cha mzee mwenye wake wawili. Cha Dakar, cha fundi cherehani anayewakosea wateja vipimo makusudi. Cha Kinshasa, wote wakipiga kelele kwa Kilingala. Na cha Amerika kilichotiwa Kifaransa, ambamo watu wasioonekana wanacheka. Kifaransa chake ni kidogo mno. Zamani Kanyinda alimfasiria, mara nyingine akiongeza uongo wake ili mke wake acheke zaidi. Sasa alicheka pale wasioonekana walipocheka.

« Nacheka na batu benye sijue, » aliniambia. « Kisha naangalia pembeni, kama Kanyinda naye anacheka. Hakuna mutu. »

Kitu kimoja kilimshangaza kuliko vyote. Nchi zote hizo, mama mkwe anaketi kochi moja na mkwe wake, wanagombana, wanakula, wanagombana tena.

« Hata Abidjan, mama. Batu beusi sawa sisi. »

Alisema hivyo kwa mdomo uliokunjwa, lakini nadhani aliwaonea wivu.

Shida ni kwamba vichekesho vizuri vilianza jioni. Ngeleka alipofika langoni na pikipiki yake alipiga honi, kwa adabu, ili mama mkwe apate kuondoka. Naye aliondoka kichekesho kikiwa katikati. Alikula peke yake chumbani, akijiuliza kama yule mzee wa Abidjan alitoka salama kabatini alimojificha. Utasema ni jambo dogo. Kwa mtu asiye na wa kuongea naye tangu asubuhi, si dogo hata kidogo.

Jioni moja aliondoka mbio mno, akaacha televisheni inaongea, akaacha na sahani ya karanga nusu kwenye kochi. Ngeleka akaingia, akaiona sahani. Akakaa, akatazama mpaka mwisho. Kisha akampigia mke wake simu, amesimama karibu na pazia, kwa sauti ya mtu anayeongea na kiziwi.

« Shekina, sikiya. Ule muzee wa Abidjan, bibi yake wa kwanza alifunga kabati na ufunguo, akaenda ku soko. Muzee alilala mule mupaka asubui. Alitoka alivaa robe ya bibi wa pili. »

Nyuma ya pazia Mama Bilonda aliuma kitambaa chake, kwa sababu mama mkwe hacheki mkwe anaposikia. Ngeleka alinyamaza kidogo, kama anamsikiliza Shekina anavyocheka, kisha akamtakia usiku mwema, « Bonne nuit. »

Ikawa hivyo kila jioni. Shekina amesoma Kifaransa miaka yote ya shule, lakini Ngeleka alimfasiria cha Amerika neno kwa neno. Mama Bilonda hakujiuliza. Alimshukuru Mungu tu kwa kumpa binti yake mume mwenye sauti kubwa.

Mpaka jioni moja, Ngeleka yuko penye pazia pale pale, « Shekina, sikiya », na simu ya Mama Bilonda ikatetemeka mkononi mwake. Alikuwa Shekina.

« Mama, Ngeleka alifika? Utume mutu amuambie nilipata bitu alinitumia. Siwezi kumupata. Telefone yake ilianguka mu mayi, ikakufa, inapita juma sasa. Ananipigiaka midi, saa sita, na telefone ya mwenzake ku kazi. »

Mama Bilonda akageukia pazia. Upande wa pili sauti ilikuwa inaendelea: « Shekina, sikiya muzuri, hapa njo panachekesha. »

« Mama? Anasema na nani? »

« Na mimi, » akasema polepole, akakata.

Aliona haya mpaka masikio yakawaka. Akaona furaha pia, na machozi yakaja juu ya vyote viwili, maana tangu Kanyinda afe hakuna mtu aliyemsimulia kitu mpaka mwisho.

Ngeleka akafika mwisho: fundi wa Dakar alikuwa ameshona suruali ya bwana harusi na mguu mmoja mfupi. Akanyamaza kidogo, kama kila siku. Ndipo Mama Bilonda akajua kimya kile kilikuwa cha nani. Akaachia kitambaa, akacheka, kwa sauti, mpaka mimi nikasikia huku kwangu.



« Bonne nuit, Shekina, » Ngeleka akasema ndani ya simu iliyokufa. Akaenda kula upande wake, na Mama Bilonda akala upande wake, peke yake kama kawaida.